Maji Ndani ya Ukuta: Kuitengeneza Nyumba ya Mawe kwa Fedha Chache

Kila mwaka masika yanapokwisha na upepo wa kusi ukatulia katika mwendo wake, miji ya mawe ya mwambao wetu, tangu Lamu na Mombasa hadi Mji Mkongwe wa Unguja, huingia katika msimu usioandikwa katika kalenda ya mabaharia wala ya wakulima, nao ni msimu wa kupaka rangi. Lipu iliyobabuka hubanduliwa kwa patasi, saruji hukorogwa barazani, madebe ya rangi ya maji huteremshwa mkokotenini, na baada ya juma moja ule ukuta uliokuwa na madoa ya rangi ya chai hutazamika mpya, mwenyewe akaingia ndani kwa furaha na kumshukuru Mola. Furaha hiyo aghalabu haifiki mwisho wa vuli. Doa hurejea pale pale lilipokuwa, mara nyingine limepanda juu zaidi ya lilipoachwa, rangi huvimba malengelenge, na chini ya ukuta huanguka unga mweupe anaoufagia mwenye nyumba kila asubuhi bila ya kujua kwamba anaifagia nyumba yake mwenyewe kidogo kidogo.

Makala haya yamekusudiwa mtu huyo, mwenye nyumba ya kurithi na mfuko usio na kina, ili kumweleza jambo moja ambalo waashi wa kale walilijua na ambalo wengi wa leo wamelipuuza: ya kwamba kila doa la unyevu lina chanzo chake, mara nyingi mbali na pale linapoonekana, na kwamba fedha zitumiwazo juu ya doa kabla ya chanzo kujulikana ni israfu tupu, ziwe nyingi au chache.

Tuanze na ukuta wenyewe. Nyumba za zamani za mwambao zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, yakaungwa kwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu, kuta zake zikiwa na unene wa nusu mita na zaidi, na sakafu za ghorofani zikibebwa na boriti za mikoko, ambazo kwa kuwa urefu wake hauzidi sana mita tatu ndizo zilizoamua upana wa vyumba vya mababu zetu. Chokaa yenyewe ilipatikana kwa kuchoma mawe hayo hayo: magogo hupangwa duara, mawe yakarundikwa juu yake, moto ukawashwa mpaka jiwe likapoteza hewa ya ukaa iliyokuwamo ndani yake, kisha likapata maji, likafura, likachemka na kuvunjika kuwa unga. Chokaa hiyo ikishapakwa ukutani huanza kuivuta tena ile hewa ya ukaa kutoka angani, na kwa miezi na miaka hurejea taratibu kuwa jiwe la namna ile ile ilikotoka. Kwa ujenzi huu ulisimamishwa Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani na jumba la Husuni Kubwa, karne nyingi kabla ya Joseph Aspdin, mwashi wa mji wa Leeds, kupata hataza ya saruji yake huko Uingereza mwaka 1824.

Ukuta wa namna hii umejaa vinyweleo. Hunywa maji, naam, lakini huyatoa vile vile: mvua ikiupiga hunywa kiasi upande wa nje, na jua likitoka na upepo ukavuma maji hayo huondoka kwa njia ile ile yaliyoingilia, kwa kuwa lipu ya chokaa na mpako wa chokaa ulio juu yake haviyazuii. Saruji ina tabia tafauti kabisa. Ni ngumu kuliko ukuta unaoibeba, haiufuati ukuta huo unapotanuka kwa joto na kusinyaa kwa baridi, kwa hiyo haichukui muda kupata nyufa nyembamba zisizoonekana ila kwa kuinamia. Maji ya mvua huingia kwa nyufa hizo, na yakishaingia hayana pa kutokea, maana pande zote mbili zimefungwa kwa saruji na juu ya saruji kwa rangi ya mafuta. Basi maji hukaa humo, chokaa iliyo baina ya mawe ikalainika, na ncha za boriti zilizozamishwa ukutani zikaanza kuoza kwa siri. Nimepata kuiona boriti iliyotolewa katika ukuta uliofunikwa hivyo: sehemu yake ya chumbani ilikuwa nyeusi na ngumu, ikigongwa inalia, ilhali ile shibiri moja iliyokuwa ndani ya ukuta ilimomonyoka kwa kidole mithili ya mkate uliochovywa katika chai. Mtu aliyekuwa akilala chini ya boriti ile kwa miaka asingeweza kujua, kwani dari yake ilikuwa imepakwa rangi vizuri.

Fauka ya hayo pana chumvi. Chumvi imo katika mawe yaliyokaa karibu na bahari, imo katika mchanga wa pwani ambao haukuoshwa, imo katika maji ya ardhini ya mitaa iliyo kando ya ufuo, na maji yanapopanda ukutani huibeba, kisha yakifika usoni yanakauka na kuiacha. Ikiachwa huganda fuwele, fuwele zikakua, na kukua kwake ndiko kunakoisukuma lipu ikatoka magamba magamba. Halafu, kwa kuwa chumvi huvuta unyevu uliomo hewani, ukuta uliokwisha kuingiwa nayo huweza kutoka jasho siku ya joto zito isiyo na hata tone la mvua, mwenye nyumba akapanda paani kutafuta tundu lisilokuwapo.

Ndiyo maana kazi ya kwanza ni upelelezi, nao haugharimu kitu. Maji yanayopanda kutoka ardhini hujionyesha kwa ukanda unaofuata chini ya ukuta, kwa kawaida usiozidi sana kimo cha mita moja, na juu ya ukanda huo huwapo mstari wa chumvi, dhahiri kama uliochorwa. Nao hukaa mwaka mzima, masika ukazidi. Maji yatokayo paani huanzia juu, au kwenye pembe ya dirisha, hutokea baada ya mvua na huacha doa la hudhurungi lenye ukingo. Maji ya bomba lililopasuka hayajali majira: doa hukua hata katikati ya kiangazi, na mara nyingi lipo karibu na chooni au jikoni, mwenye mita ya maji na afunge bomba zote usiku, aisome mita kabla ya kulala na aisome tena alfajiri, na kama tarakimu zimesogea basi chanzo kimejulikana pasina kulipa fundi. Aina ya nne, ambayo mwambao si kubwa sana lakini bara ni kubwa, ni maji yatokanayo na hewa ya ndani ya chumba ikikutana na ukuta wa baridi. Kwa hiyo pana jaribio jepesi: chukua kipande cha nailoni chenye ukubwa wa daftari, kibandike ukutani kwa utepe pande zote nne, kiache siku mbili. Ukikuta matone nyuma ya nailoni, upande wa ukuta, maji yamo ukutani. Ukiyakuta upande wa chumbani, maji yamo hewani, na dawa yake ni madirisha.

Katika hizo zote, iliyo rahisi kuliko zote kutibiwa na inayoachwa kuliko zote ni ile ya juu. Watu hawaamini wingi wa maji yanayoangukia paa lao mpaka wayahesabu, na hesabu yenyewe mtoto wa shule aiweza: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Paa la mita nane kwa kumi lina mita za mraba themanini. Mvua ya milimita 50, ambayo siku ya masika si ajabu, hulimwagia lita 4,000, nazo ni ndoo 200 za lita ishirini. Mtu angekuja na ndoo mia mbili za maji akazimwaga moja baada ya moja kwenye pembe ile ile ya nyumba yako, ungemwita polisi. Lakini mfereji wa paa uliooza au uliozibwa na majani ya mwarobaini ndiyo kazi ufanyayo, na mwenyewe hana habari, maana yeye yumo ndani amejifunika shuka. Hivyo shilingi ya kwanza iende paani: kubadilisha misumari ya bati iliyolegea, kuziba matundu yake, kurudisha kofia ya bati pale ilipoinuliwa na upepo, kusafisha mfereji na kuuinamisha kidogo upande wa kutolea, na kulipeleka bomba la kuteremshia maji mpaka chini kabisa na mbali na msingi, si kuliachia hewani kimo cha dirisha kama ilivyo katika nyumba nyingi, likautemea ukuta kutwa.

Shilingi ya pili iende chini. Nyumba nyingi za kale zilijengwa sakafu yake ikiwa juu ya kichochoro, lakini kwa miaka kichochoro kimewekwa tabaka juu ya tabaka, udongo, kifusi, saruji, matofali, hata leo mtu hushuka kuingia nyumbani kwake ambako babu yake alikuwa akipanda. Ardhi ya nje ikiwa juu kuliko sakafu ya ndani, hakuna rangi wala lipu itakayouzuia ukuta usinywe. Kinachotakiwa ni kuichimba ardhi hiyo, pale inaporuhusika, mpaka iwe chini ya sakafu kwa kiasi cha sentimita kumi na tano, na kuiinamisha iende mbali na nyumba, sentimita mbili kwa kila mita ikitosha. Au, pasipowezekana kuteremsha ardhi yote, kuchimba mtaro mwembamba kando ya ukuta, kuujaza kokoto safi na kuupa njia ya kutoa maji. Kazi hii ni ya jembe na jasho, na vibarua wawili huimaliza kwa ujira usiofika bei ya rangi ya sebule moja. Pia litazamwe shimo la choo na karo ya kufulia, kwani katika vichochoro vyetu mashimo haya yamesogezwa mno karibu na misingi, na maji yake, mbali na uchafu, yana chumvi nyingi kuliko ya mvua.

Baada ya hayo tu ndipo tufike ukutani, na ukutani ndiko ulipo mzozo. Fundi akiitwa, mazungumzo mara nyingi huenda hivi.

"Bi mkubwa, ukuta huu dawa yake ni saruji kali. Nikutilie na dawa ya kuzuia maji, utasahau kabisa."

"Mwaka juzi ulinambia maneno haya haya, mwanangu."

"Mwaka juzi saruji ilikuwa haba, Bi mkubwa."

Sisemi kwamba fundi huyo ni mwongo. Amefunzwa kazi katika nyumba za matofali ya saruji, ambako saruji ndiyo mahali pake. Hulipwa kwa kile kinachoonekana. Na katika maisha yake hakuna aliyepata kumlipa kupanda paani akatazama tu. Walakini saruji juu ya ukuta wa matumbawe uliokunywa maji kutoka ardhini haiyazuii maji hayo. Huyafungia mlango wa chini, nayo yakapanda kutafuta mlango wa juu, na hii ndiyo siri ya lile doa lililokuwa kimo cha goti ambalo baada ya matengenezo huonekana kimo cha kifua. Kadhalika sikushauri kununua zile dawa zinazodungwa ndani ya ukuta kwa kutoboa mashimo: katika ukuta wa tofali zilizopangwa sawa huenda zikafaa, lakini ukuta wetu ni mawe ya kila umbo na kifusi katikati, dawa haiwezi kufanya mstari usiokatika, na gharama yake ni ya mwenye hoteli.

Njia iliyo nafuu ni ya kale. Lipu ya saruji ibanduliwe, ipitilize nusu mita juu ya mstari wa unyevu. Chokaa iliyooza baina ya mawe ikwanguliwe mpaka pafikiwe palipo pazima. Chumvi ifagiliwe kwa brashi kavu, ikusanywe na kutupwa nje, wala isioshwe kwa maji, maana maji huiyeyusha na kuirudisha ilikotoka. Kisha ukuta uachwe. Hapa ndipo uvumilivu wa wengi hukatika, kwani hakuna apendaye kukaa na mawe uchi sebuleni wageni wakija. Lakini mafundi wa Ulaya hukadiria mwezi mmoja wa kukauka kwa kila sentimita mbili na nusu za unene, na ijapokuwa jua letu na upepo wetu huharakisha, ukuta wa nusu mita haukauki kwa juma mbili. Anayeona haya na atundike pazia, mbali kidogo na ukuta ili upepo upite.

Ukuta ukishakauka hutomewa kwa vijiwe na chokaa pale palipochimbika, kisha hupigwa lipu ya sehemu moja ya chokaa na tatu za mchanga, kwa mikono miwili au mitatu, kila mkono usizidi sana unene wa sentimita moja, na kila mkono upewe siku zake kabla ya mwingine kufuata. Chokaa haitaki haraka wala jua kali: isitiriwe kwa magunia yaliyorowekwa, inyunyiziwe maji asubuhi na jioni kwa siku kadhaa, la sivyo itakauka kabla ya kuiva na kubaki unga. Fundi atakuomba atie "saruji kidogo tu ili ishike upesi". Mkatalie kwa adabu. Ikiwa chumvi ilikuwa nyingi, ichukulie lipu hii ya kwanza kuwa kafara: itainywa chumvi iliyosalia, itaharibika baada ya mwaka au miwili, nawe utaibandua na kupiga nyingine, na gharama zote mbili pamoja aghalabu hazitafika ile ya saruji na dawa zake. Juu yake paka chokaa, au niru kwa mwenye kupenda ukuta uliolainika na kung'aa, wala usipake rangi ya mafuta, ambayo ni kuufunga ukuta ule ule uliotoka kuufungua. Wachanganyaji wasisahau kwamba chokaa mbichi huunguza. Macho yafunikwe na maji safi yawe karibu.

Sasa tuseme juu ya fedha. Kosa kubwa la upangaji ni kwenda chumba kwa chumba, tena kwa kuanzia sebule kwa sababu ndiyo ionwayo na wageni. Maji hayajui vyumba. Mwenye nyumba na achukue daftari na kipande cha chaki, na siku ya mvua kubwa, badala ya kulala, azunguke nyumba yake juu hadi chini, achore kwa chaki ukingo wa kila doa na aandike tarehe. Baada ya juma atazame tena doa gani limevuka mstari wake. Kwa daftari hilo, na wala si kwa macho ya fundi, ndiyo ipangwe kazi: kwanza paa, kisha mifereji, kisha ardhi ya nje na bomba, kisha kungoja, kisha lipu, na rangi mwisho kabisa, hata ikibidi kungoja mwaka wa pili. Mwenye fedha kidogo atafurahi kuona kwamba mpango huu umejigawa wenyewe katika awamu, na kwamba awamu ya kungoja haina gharama.

Majira nayo yana neno lake. Masika yetu ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Disemba, na baina yake, tangu Juni hadi Septemba, kusi huvuma kavu kwa kiasi na kwa kudumu. Kazi ya paa na ya kubandua saruji ianze Juni, mvua ikishapita, ili ukuta uupate upepo wote huo. Lipu ya nje ipigwe ukuta ukikubali, na usipokubali kabla ya vuli ni heri ingoje, kuliko kupigwa juu ya unyevu kwa kuogopa maneno ya majirani.

Katika makadirio, weka akiba ya sehemu moja katika kumi kwa yasiyojulikana, na nyumba ikiwa ya kale sana weka mbili, kwa kuwa hakuna ajuaye hali ya boriti mpaka ukuta ufunguliwe. Vifaa nunua mwenyewe, na vinunue kadiri ya kazi ya juma, kwani mfuko wa saruji wa kilo 50 ulioachwa ghalani wakati wa mvua hugeuka jiwe, na chokaa iliyopigwa na hewa muda mrefu hupoteza nguvu. Mchanga ujaribu kabla ya lori kumwaga: tia mchanga nusu chupa, ongeza maji, tikisa, acha usiku kucha, tope litakalotulia juu likizidi sehemu moja katika kumi, urudishe. Onja pia kwa ncha ya ulimi, kama wafanyavyo mafundi wazee. Ukiwa na ladha ya chumvi, umetoka ufuoni, nao haufai hata kwa bure. Ujira wa fundi ulipe kwa awamu kulingana na kazi iliyokwisha, na kazi ya paa uibakizie sehemu yake ya mwisho mpaka mvua ya kwanza kubwa ipite. Fundi mwaminifu atalikubali sharti hili, hasa akiambiwa mapema. Asiyelikubali amekwisha kukujibu swali ambalo hukumuuliza.

Kwa walio katika Mji Mkongwe wa Unguja, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000, na wa Lamu, ulioingizwa mwaka 2001, matengenezo yana kibali chake. Unguja ipo Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, iliyoasisiwa mwaka 1985, na ni bora kumwendea mkaguzi kabla ya kubomoa kuliko kuitwa naye baada ya kubomoa. Wapo wanaonung'unika kwamba masharti haya ni mzigo kwa maskini, na manung'uniko yao si bure kabisa, kwani chokaa njema na boriti njema hazipatikani kila duka. Lakini sharti la kutumia chokaa, ambalo wengi huliona ni la kuwapendeza watalii, kwa hakika ndilo linaloikinga mifuko yao. Kila mtu anakumbuka tarehe 25 Disemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba alilojenga Sayyid Barghash mwaka 1883, ilipoporomoka wakati wa kazi ya ukarabati, na roho za watu zikapotea. Sababu za jengo kubwa kama lile kuanguka haziwezi kuwa moja, wala sikusudii kuzichambua hapa. Natosheka kusema kwamba majengo haya huonya kwa muda mrefu, nasi hupaka rangi juu ya onyo.

Nyumba za matofali ya saruji za Dar es Salaam na miji mingine mipya zina hukumu nyepesi zaidi. Humo ugonjwa mkubwa ni kwamba ukuta ulipandishwa juu ya msingi bila ya kutandikwa kitu cha kuzuia maji, nailoni nzito au tabaka ya lami, kwa kuokoa fedha ambazo hazikufika bei ya mlango mmoja. Anayejenga sasa asikubali kukikosa. Aliyekwisha jenga na ashughulikie ardhi ya nje na mifereji, na saruji hapo haitamdhuru. Kwa wa milimani, wa Njombe au Limuru, ambako kuta hupoa usiku na madirisha hufungwa kwa baridi, kuvu ya pembeni mwa dari hutokana zaidi na mvuke wa jikoni na nguo zinazoanikwa ndani. Dirisha dogo lililo wazi juu ya jiko hufanya kazi ambayo dawa ya dukani haiwezi. Kuvu hiyo isichezewe, maana wenye pumu na watoto wachanga huumia kwayo; ifutwe kwa kitambaa kibichi, isifagiliwe ikiwa kavu ikaruka.

Hata mwambao tumejitafutia balaa hiyo ya milimani kwa mikono yetu. Nyumba ya kale ilikuwa na ua wa katikati na matundu juu ya milango, upepo ukiingia barazani na kutokea darini. Tumeyaziba matundu, tumeezeka ua, tumetia viyoyozi, na bomba la maji ya kiyoyozi tumelielekeza, kwa kukosa mahali pengine, juu ya ukuta wa jirani.

Na jirani ndiye aliyebaki. Katika mitaa yetu ya mawe ukuta mmoja hubeba nyumba mbili, paa la huyu humwaga kwenye mfereji wa yule, na mtu aweza kufanya yote yaliyotajwa humu, kwa chokaa njema na fundi mwema, ukuta wake usikauke kwa sababu upande wa pili pana bomba linalovuja tangu marehemu baba zao walipokuwa hai na kugombana. Namwomba basi msomaji mwenye ukuta wa shirika asingoje doa lirejee: amwendee jirani yake kabla ya mwezi wa Machi, wapande juu pamoja wakautazame mfereji ulio baina yao, na gharama ya kuutengeneza waigawe nusu kwa nusu.